Mgonjwa anaweweseka ghafla: maswali na majibu kuhusu ensefalopathia

Mjomba, hapa Tandahimba, ana ugonjwa wa ini. Tangu juzi analala mchana kutwa, usiku yuko macho na anaongea visivyoeleweka. Ndugu wanasema amerogwa. Tumpeleke wapi?

Hospitali, leo hii. Ini likichakaa hushindwa kuondoa sumu kwenye damu, hasa amonia inayotoka utumboni, na ubongo huvurugika: ndiyo ensefalopathia. Daktari atamwambia anyooshe mikono mbele na kukunjua viganja juu: mara nyingi viganja huanguka na kurudi, vinapapatika. Kisha atatafuta kilichochokoza hali hiyo: kufunga choo, kutapika damu, maambukizi kwenye maji ya tumboni, au vidonge vya usingizi. Hicho ndicho hutibiwa, pamoja na dawa ya maji iitwayo laktulosi ili apate choo laini mara 2 au 3 kwa siku. Na tafadhali, msimnyime samaki wala mbaazi. Kumkatia protini humdhoofisha bure.

Kwa hiyo ensefalopathia ni ugonjwa wa ini?

Hapana. Ni ubongo kushindwa kufanya kazi yake sawasawa, na mara nyingi chanzo kiko kwingine mwilini: figo zilizofeli, presha iliyopanda mno, sukari iliyoshuka, maambukizi makali. Mtoto mchanga aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa naye huipata.

Mtoto ana homa, kapata degedege na haamki. Ni hiyo?

Inawezekana, na huku Lindi na Mtwara malaria iliyopanda kichwani ndiyo ya kufikiriwa mapema. Mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe chochote wakati hana fahamu, mkimbize kituoni. Huko atatobolewa kidole: tone moja la kupima malaria, jingine sukari. Lile la sukari lisisahaulike kamwe, kwa sababu malaria kali huishusha sana na kuirudisha ni kazi ya dakika chache. Malaria kali hutibiwa kwa sindano za artesuneti kwa saa 24 au zaidi, kisha dawa mseto akishaweza kumeza. Daktari akiomba kupima maji ya uti wa mgongo, kubalini. Kipimo hicho ndicho kinachotambua homa ya uti wa mgongo, ambayo dalili zake hufanana na hizi.

Na mnywaji wa nipa, pombe kali ya kienyeji, anayepepesuka hata siku asiyokunywa?

Msimcheke. Anayekunywa kila siku bila kula vizuri huishiwa vitamini B1. Macho hucheza, miguu haimtii, akili huchanganyika. Anahitaji vitamini hiyo kwa sindano, kabla ya dripu ya sukari au pamoja nayo. Akicheleweshwa, kumbukumbu yake inaweza isirudi tena.

Hupona kabisa?

Wengi hupona chanzo kikitibiwa mapema. Sukari iliyoshuka kwa muda mrefu, au kukosa hewa, huweza kuacha kilema cha kudumu.

Tukienda hospitali ya Ligula, Ndanda au Nyangao, tubebe nini?

Vidonge vyote anavyotumia, vya presha, sukari, kifafa na vya dukani, hata kama paketi ni tupu. Kama alinyweshwa dawa ya mizizi, semeni bila woga: aina gani, kiasi gani, lini. Aende pia mtu aliyekuwepo hali ilipoanza, kwa sababu mgonjwa mwenyewe hawezi kujieleza.