Umekwangua historia yote, sasa unaniuliza limepanda mara ngapi?

Jana tena. Meseji imeingia saa tano usiku, picha kumi na nne, gari linang'aa mpaka unamwona mpiga picha mwenyewe kwenye mlango, na chini kaandika "mtaalamu, nimelifanya kama jipya, rangi yote mpya, viti nimevalisha ngozi nyeusi, sasa thamani imepanda mara ngapi?" Gari lenyewe ni Renault 5 Turbo ya mwanzo, zile zilizoanza kutoka 1980, injini imekaa mgongoni kwa dereva pale ambapo wenzake wanaweka watoto. Nikamuuliza, rangi ya zamani ilikuwa na shida gani? Akajibu haikuwa na shida, ilikuwa imepauka tu.

Imepauka tu. Nikaweka simu chini nikaenda kunywa maji.

Sasa naandika hapa mara moja, mwingine akiuliza niwe namtumia linki tu. Kazi yangu ni kuthamini magari ya zamani ya ukoo wa rali, na hii imani kwamba ukilipaka upya umeliongezea bei imenichosha. Kama gari limeoza, sakafu inaonyesha barabara, haya, rudisha, wala sibishani. Lakini gari adimu ambalo bado liko kama lilivyotoka kiwandani, rangi yake ya kwanza ndiyo inayonithibitishia kwamba bati ni lile lile, halijawahi kukunjwa likanyooshwa, halijawahi kubadilishwa ubavu. Ukishaikwangua umebaki na maneno yako tu. Na maneno ya muuzaji mimi huwa sijui niyaandike kwenye kisanduku kipi cha ripoti.

Mambo ya uchache nayapitia haraka. Mnajua homologesheni, ile sheria kwamba kabla gari halijaruhusiwa kwenye rali kiwanda kitengeneze kwanza idadi fulani ya aina hiyo, kila daraja la mashindano na idadi yake: Group B walitaka magari 200, Group 4 ya mwisho mwisho 400, Group A 5,000 na baadaye wakashusha mpaka 2,500. Kwa hiyo viwanda vikatengeneza idadi ya kutosha kuruhusiwa kushindana na basi. Watu wanadhani uchache peke yake ni hela. Si kweli, kuna magari machache kabisa ambayo hakuna anayeyataka hata bure. Uchache unachofanya hasa ni kuwatia watu tamaa ya kutengeneza mengine. Audi Sport quattro zilitoka 214, na tofauti kubwa na quattro ya kawaida ni kwamba imefupishwa sentimita 32 katikati. Sentimita 32! Yaani msumeno na fundi mwenye subira. Ndiyo maana natembea na futi, na ndiyo maana hata futi ikikubali bado nalala chini kuangalia ulehemu. Na Ford Escort za Mk1, yaani toleo la kwanza, ndiyo msiseme, ukiwasikiliza wauzaji utadhani RS1600, ile adimu ya mbio, haijawahi kufa hata moja, na zilizopondwa zimefufuka na ndugu zake wawili.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, "asili", maana hapa ndipo watu wananivuruga.

Kama ni gari la barabarani lililotengenezwa kwa ajili ya homologesheni, asili maana yake ni vile lilivyotoka kiwandani, pamoja na ubovu wake. Nasisitiza ubovu. Kiwanda hakikuwa na muda wa urembo. Kuna Lancia Delta Integrale moja niliikagua, mwenye gari alikuwa ananiomba radhi kwa ajili ya ule utomvu wa kuzibia maungio ndani ya boneti, pale juu ya shokapu, umepakwa ovyo kabisa, mpaka alama ya kidole cha mtu aliyeupaka inaonekana imekaukia pale. Alitaka kuusafisha kabla sijafika, bahati yake alichelewa. Mimi nilikuwa nacheka peke yangu. Kile kidole ndicho nilichokuwa natafuta! Fundi wa kurudisha magari hapaki hivyo, yeye anapaka vizuri, mstari umenyooka, na unadhifu wake ndio unaomuumbua. Nikapima unene wa rangi, kila bati linasoma mikroni (elfu moja ni milimita moja) 110, 120, 130, isipokuwa ubavu wa nyuma kushoto 260. Maana yake pale pamepakwa tena, labda alikwaruzwa maegeshoni. Si dhambi, sikumkata kitu cha maana. Ingesoma 900 hapo ningejua chini kuna fila, ule udongo wa kusawazishia bati, limeziba bonde na tungekuwa na maongezi mengine.

Na asili si lazima iwe bora kuendesha, hili nalo linawashinda watu. Escort RS Cosworth za kwanza za 1992 zilikuja na tabo (turbo, ile inayosukumia injini hewa) kubwa, ukikanyaga unasubiri, unasubiri, halafu linaamka lote kwa pamoja wakati ushafika kwenye kona. Baadaye Ford wenyewe wakaweka dogo. Wenye magari wengi wakafanya hivyo hivyo, wakalitupa lile kubwa, na kwa kweli gari likawa tamu zaidi mtaani. Leo wanunuzi wanalitafuta lile lile lililotupwa. Kwa hiyo ndugu yangu, fanya upendavyo na gari lako, ni lako, ila kitu ulichofungua kiweke stoo na ukiandike jina.

Ila kwa gari lenyewe la mashindano, la timu ya kiwanda, ile tafsiri ya kwanza inavunjika kabisa. Fikiria zile Datsun Violet ambazo Mkenya Shekhar Mehta alishindia Safari Rally mara nne mfululizo, 1979 mpaka 1982. Gari la namna hiyo liliongezewa bati sehemu zinazopasuka, likatobolewa matundu ya vyombo vya navigeta, yule msoma njia anayekaa pembeni ya dereva, likapigwa mawe chini kwa siku kadhaa, mafundi wakalichomelea kando ya njia kwa mwanga wa tochi. Hiyo michomeleo mibaya ndiyo asili yake. Ukilipeleka kwa mnyooshaji bodi akalilainisha liwe la maonyesho, umenunua nini sasa? Umenunua gari la kawaida lenye stika.

Halafu kuna shida kubwa zaidi ambayo wathamini wenzangu hawapendi kuiandika. Timu za kiwanda zilikuwa zinabadilisha bodi kama mtu anayebadilisha shati. Gari limepinduka, wiki ijayo kuna rali, makaratasi ya mpakani na namba za usajili zishashughulikiwa, basi wanachukua bodi mpya, wanahamishia namba ile ile, maisha yanaendelea. Miaka inapita, mtu mmoja anajitokeza na bodi iliyopinduka, kainyoosha, mwingine ana ile yenye namba, na wote wawili wanasema wana gari lililoshinda. Nani mkweli? Mimi huwa naegemea kwenye bodi iliyokuwepo siku ile, nachukua picha za zamani nalinganisha tundu kwa tundu, mkunjo kwa mkunjo, pachi kwa pachi. Lakini nikisema nina uhakika nitakuwa nawadanganya. Nimewahi kuandika ripoti ya gari la aina hiyo nikaweka bei ya chini na ya juu zilizopishana mno mpaka mteja akaniuliza kama nalipwa kwa kubahatisha. Nikamwambia siku hiyo ndiyo, kidogo.

Na nimewahi kuingizwa mjini pia. Gari moja nilipima, mikroni safi kila mahali, nikaandika rangi ni ya kwanza. Miezi baadaye mwenyewe anafungua taa ya nyuma abadilishe balbu, chini ya raba pana rangi nyingine kabisa. Kumbe lilikwanguliwa mpaka bati zamani sana na mtu aliyejua kazi, likapakwa nyembamba. Tangu siku hiyo nafungua taa, nainua kapeti, navua raba za milango, hata mwenye gari akinuna. Kipimo kinasoma unene tu, hakisomi mwaka. Na kwenye bodi ya faiba kama Alpine A110 ya zamani, kile kipimo nilichokuwa nacho hakisomi chochote.

Kilomita, funguo mbili, vitabu vya sevisi, risiti, hayo mnayajua.

Kuhusu bei zenyewe, msinitumie bei za kwenye matangazo, ile ni ndoto ya muuzaji. Hata ya mnada ni watu wawili waliokaidiana siku moja, mmoja wao angekwama kwenye foleni gari lingeuzwa chini sana. Na kuna kitu nakiogopa kimya kimya: hizi bei zimebebwa na watu waliobandika picha za haya magari ukutani wakiwa watoto. Wakizeeka wote, sijui nani atakayekuwa na hamu na Lancia Delta S4, lile la Group B.

Turudi kwa yule bwana wa jana. Nilimwambia achukue sumaku aiweke kwenye paa na milango, ikateleza. Vizuri, kwenye zile za mwanzo paa na milango ni alumini, angalau hajauziwa Turbo 2, ile ya baadaye iliyorahisishwa, iliyovishwa nguo za kaka yake. Nikamuuliza vitambaa vya viti viko wapi, maana zile za kwanza zilikuja na ndani ya ajabu iliyochorwa Bertone, rangi kali, hakuna Renault 5 nyingine imekaa vile. Akasema fundi kaviweka kwenye kiroba nyuma ya gereji, kesho vinaenda na taka.

Nikampigia saa ile ile, saa sita kasoro usiku, nikamwambia amka, kachukue hicho kiroba. Kakichukua. Kuhusu swali lake la mara ngapi, nimemwandikia kwamba limeshuka, na kwa kiasi gani. Mpaka sasa naona tiki mbili za bluu tu.