Uteuzi wa njia ya reli nyepesi inayovuka maji

Uteuzi wa njia ni kazi ya kuamua reli ipite wapi, ipande hadi kimo gani, na ishuke ardhini wapi kila upande wa maji. Wengi hudhani ni kuchora mstari kwenye ramani, kumbe mstari huja baadaye. Kwanza huchaguliwa ushoroba, yaani ukanda wenye upana wa mita mia kadhaa. Ndani yake hutafutwa mstari wa katikati, kisha hupangwa kimo cha reli kuanzia kituo cha kwanza hadi cha mwisho.

Reli nyepesi yenyewe ni treni ya umeme ya mjini: mabehewa yaliyoungana kwa urefu wa mita 30 hadi 40, abiria kama 200, inayopita kati ya barabara panapobidi na kwenye njia yake yenyewe panapowezekana. Mombasa haina reli ya namna hii, lakini ukitaka kuielewa dhana hii, mji huu unatosha. Kisiwa kimezungukwa: kaskazini na mashariki kuna mkono wa bahari wa Tudor, kusini kuna Kilindini, na mtu wa Likoni au Kongowea akitaka kufika Mwembe Tayari lazima avuke.

Kosa linalozaa makosa mengine ni kuanza na maji, kutafuta palipo pembamba ili daraja liwe fupi. Kinachofaa kuanza nacho ni safari za watu. Na hapa pana mtego. Ukihesabu watu kwenye feri ya Likoni au magari kwenye Daraja la Nyali, umehesabu wanapolazimika kupita, hujahesabu wanapotaka kwenda. Anayepanga foleni Likoni alfajiri huenda anafanya kazi Changamwe, na kisiwani anapita tu. Kwa hiyo abiria huulizwa ametoka mtaa gani na anaishia wapi, asubuhi na jioni, siku ya kazi na siku ya mapumziko. Majibu yakichorwa, mara nyingi kivuko kinachofaa hakiwi kile chembamba kuliko vyote.

Sababu nyingine ya kutoyafuata maji ni duara la kituo. Mtu wa kawaida hukubali kutembea kama mita 500 kufuata usafiri, na jua la Mombasa halimruhusu kuzidisha sana. Duara la mita 500 lina eneo la hekta 78 hivi. Kituo kikiwekwa ukingoni mwa bahari, nusu ya hizo ni maji, na majini hapatoki abiria. Ndiyo maana kituo cha kwanza baada ya daraja husogezwa ndani, penye soko, shule na stendi ya matatu. Upande wa Nyali, reli inayoshuka bila kulifikia soko la Kongowea imepoteza sababu yake ya kuvuka.

Kimo ndicho kinachoua mapendekezo mengi, na Likoni inaonyesha vizuri. Jina Kilindini linatokana na kilindi, maji ya kina kirefu, na kwa sababu hiyo hapo ndipo zinapopita meli kubwa kwenda bandarini. Meli za makontena za leo zinahitaji nafasi ya mita 60 na zaidi kati ya maji na daraja. Kule Marekani, Daraja la Bayonne, linalounganisha New Jersey na Staten Island, liliinuliwa kutoka mita 46 hadi mita 65 hivi, kazi iliyowezesha meli kubwa kupita mwaka 2017. Tuseme basi chini ya daraja letu ziwe mita 65, na unene wa daraja mita 3: reli iko mita 68 juu ya maji. Ardhi ikiwa mita 10 juu ya bahari, treni ina mita 58 za kupanda. Mwinuko wa asilimia 6, yaani mita 6 kwa kila mita 100 za mbele, ni mkali ila reli nyepesi huumudu. Gawanya: mita 967. Ongeza mapinde ya kulainisha chini na juu ya mlima, imepita kilomita moja, na upande wa pili vivyo hivyo. Maji yenyewe ni kama nusu kilomita tu.

Maana yake ni kwamba mkazi wa karibu na kivuko cha Likoni ataiona treni ikipita juu ya paa lake na hawezi kuipanda, kwani kituo hakijengwi kwenye mwinuko wa aina hiyo. Hutakiwa pawe karibu tambarare. Linganisha na Porto, Ureno: Daraja la Dom Luís I la mwaka 1886 lilianza kupitisha metro kwenye sakafu yake ya juu mwaka 2005, na treni haina mlima wa kupanda kwa sababu mji wenyewe umekaa juu ya majabali pande zote mbili za mto. Anayeteua njia hutafuta ukingo wa namna hiyo kwanza.

Upande wa Tudor meli kubwa hazipiti, kwa hiyo daraja linaweza kuwa la chini na swali linageuka: tutumie daraja lililopo au tujenge jingine ubavuni? Daraja la Nyali lilifunguliwa mwaka 1980 kwa ajili ya magari. Kabla ya kulaza reli juu yake hukaguliwa nguvu za breki, mtikisiko unaojirudia maelfu ya mara na uzito wa zege la kubeba reli. Kisha kuna njia za magari zitakazotolewa. Bordeaux, Ufaransa, walipitisha tramu mwaka 2003 juu ya daraja la mawe la mwaka 1822, na mwaka 2017 magari binafsi yakaondolewa. Uamuzi kama huo hutamkwa mapema, usiachwe ujitokeze wakati wa ujenzi.

Daraja jipya nalo hupendelewa likate maji kwa pembe mraba. Upana wa mita 300 ukikatwa kwa mshazari wa nyuzi 45 unakuwa mita 424, na nguzo zinazokaa mshazari na mkondo hukombwa mchanga kwenye misingi. Tuta la kujaza udongo ni rahisi kulijenga, ila huzuia maji. Makupa, kati ya kisiwa na bara, palikaa na tuta miaka mingi hadi daraja jipya lilipofunguliwa mwaka 2022.

Chini ya ardhi, mwamba wa matumbawe una mapango. Tobo moja la uchunguzi linaweza kukuta mwamba imara, na hatua chache pembeni pakawa patupu. Kila nguzo ipate tobo lake kabla njia haijatangazwa, maana nguzo ikihama, njia yote inahama. Sehemu ya nguzo inayolowa maji yakijaa na kukauka yakipwa ndiyo inayolika upesi, hasa wakati wa bamvua, yaani maji makuu, na umeme wa treni huongeza ubaya: kwa kawaida ni volti 750 za mkondo mnyoofu (DC) unaorudi kupitia reli, na ukivuja hula nondo na mabomba ya maji. Vifungo vya reli huwekewa mpira wa kuuzuia.

Kwenye kona, nusu kipenyo cha mita 25 hulazimisha treni kwenda kama kilomita 15 kwa saa, huku magurudumu yakilia. Mji wa Kale haufai kabisa, wala usifikiriwe: vichochoro ni vyembamba na nyumba za mawe ya matumbawe hazipendi mtikisiko. Digo Road, barabara inayopita kando yake, inaweza kubeba kazi hiyo.

Jambo linalosahaulika mara nyingi ni karakana, inayotaka hekta kadhaa za tambarare ambazo kisiwani hazipatikani. Ikiwa ng'ambo, daraja likifungwa kwa ajali, upande wa kisiwani hubaki na treni zile tu zilizokuwa huko asubuhi. Kwa hiyo kila mwisho wa daraja huwekwa njia ya kuhamisha treni kutoka reli moja kwenda nyingine, na nafasi yake, kama mita 60 zilizonyooka, hutengwa tangu siku ya kuchagua ushoroba.