Dawa iliyotoka kwenye damu ya simbilisi

Mzazi akiona mwanawe mwenye saratani ya damu kaandikiwa asparajinesi, huja dirishani kwangu kuuliza ni sumu gani hiyo. Mie mfamasia hapa Unguja, na jibu langu ni kwamba dawa hii haitii kitu mwilini, bali inaondoa.

Mwaka 1953 mtafiti John Kidd wa New York alichapisha jambo la ajabu. Alikuwa akishambulia saratani ya tezi za limfu katika panya kwa kingamwili za sungura, akiongezea serumu (majimaji ya damu) ya simbilisi, mnyama mdogo wa jamii ya panya, ili zifanye kazi. Kumbe serumu ile peke yake ilitosha kuusinyaza uvimbe! Ya farasi haikufanya lolote, wala ya sungura.

Mna nini ndani yake? Jibu lilikuwa limelala maktabani tangu 1922, mtafiti Clementi alipoandika kwamba damu ya simbilisi ina kimeng'enya cha asparajinesi, ambacho hakukiona kwa wanyama wengine aliowapima. Mtafiti John Broome ndiye aliyeyaunganisha mambo hayo mawili mwaka 1961. Kwangu hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote, maana Clementi hakuwa akizungumzia saratani hata kidogo.

Asparajinesi huvunja asparajini, asidi amino inayozunguka katika damu. Seli nyingi za mwili hujitengenezea yao. Seli za saratani ya damu inayotibiwa kwa dawa hii aghalabu haziwezi. Ni kama mtu asiyepika kwake, akitegemea genge. Genge likifungwa, hufa njaa.

Simbilisi ana damu kiasi gani, lakini? Bahati nzuri, mwaka 1964 watafiti Mashburn na Wriston walionesha kuwa asparajinesi ya bakteria wa E. koli nayo inaangamiza uvimbe, na bakteria hufugwa kwa mapipa.

Dawa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Aliyekuwapo Unguja mwaka 2008, waya wa umeme wa baharini ulipoharibika tukakaa kiza kama mwezi mzima, anajua kwa nini mfamasia hulitazama jenereta kwa jicho la mapenzi.

"Daktari, nimkataze nini?" Wazazi wamesikia asparajini imo kwenye viazi na kunde, wakataka kumnyima mtoto. Msimnyime! Ini lenyewe huitengeneza, kwa hiyo kumkatia chakula kunamdhoofisha mtoto tu. Ila akivimba, akibanwa na pumzi, au akishikwa na maumivu makali ya tumbo na kutapika baada ya sindano, mrudisheni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku: huenda ni mzio, au kongosho limevimba.