Michuzi ya tui niipendayo na mahali pa kuila

Mgeni akinishukia Unguja, hata begi hajafungua, huniuliza mchuzi mzuri unapatikana wapi. Nami humuuliza: mchuzi wa nini, na saa ngapi? Wengi hushangaa. Wamezoea kudhani mchuzi ni bizari, na kwamba mwenye bizari nzuri ndiye mwenye mchuzi mzuri. Nimepika kwenye shughuli kwa miaka mingi, harusi na maulidi, na naweza kusema bila kusita kwamba huku pwani bizari ni ya tatu. La kwanza ni tui. La pili ni kitu kinachotia uchachu: ukwaju, ndimu au embe mbichi. Viwili hivyo vikikaa sawa, kijiko kimoja cha bizari kinatosha sufuria ya watu sita.

Nianze na tui, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoharibu. Nazi ikunwe siku ile ile ya kupika. Chujio la kwanza, kwa maji kidogo ya uvuguvugu, ndilo tui zito, ambalo wazee wanaliita kasimu. La pili na la tatu ni jepesi. Jepesi hupikia, zito humalizia. Tui ni mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, yakishikiliwa na protini za nazi yenyewe. Moto ukiwa mkali protini zile huganda, mafuta yanaachiwa, na tui linakatika: maji chini, mafuta juu, chembe nyeupe katikati. Uchachu nao huharakisha mambo. Kwa hiyo ukwaju huingia mapema pamoja na tui jepesi, uchemke uive. Kisha moto unapunguzwa, kasimu inamiminwa, na mkono haupumziki kukoroga mpaka povu la kwanza litokeze. Hapo unaepua.

Shughuli yangu ya kwanza kubwa nilimimina kasimu kwenye sufuria iliyokuwa ikitokota, nikageuka kuwaelekeza vijana wa wali. Niliporudi mchuzi wa watu mia mbili ulikuwa umekatika. Uliliwa, kwa kuwa wageni wa harusi ni waungwana, lakini mama aliyenifundisha kazi alinivuta pembeni akaniambia: mwanangu, ukiwa unakoroga tui usiitikie hata hodi. Mpaka leo siitikii.

Mchuzi ninaoupenda kuliko yote ni wa pweza. Pweza wetu wengi hutoka mwambao wa mashariki, Jambiani, Paje, Makunduchi, ambako maji ya bamvua, yale ya kujaa na kupwa sana, yakitoka wanawake hushuka mwambani na vijiti kuwatafuta kwenye mashimo yao. Nyama yake imejaa nyuzi ngumu, ndiyo maana hupigwa kwanza, kisha huchemshwa taratibu karibu saa nzima bila chumvi mpaka zile nyuzi zilainike. Maji yanayotoka humo huwa mekundu kidogo, yana utamu wa bahari. Nimeona wapishi wakiyamwaga na roho yangu ikauma. Yarudisheni kwenye mchuzi! Ongeza kitunguu kilichokaangwa hadi kikaribie kahawia, nyanya mbili tu, thomu (kitunguu saumu), tangawizi, manjano, uzile (bizari nyembamba) wa kusaga, tui. Uchachu wake ni ndimu, tena mwishoni kabisa, sufuria ikiwa chini. Ukwaju humfunika pweza.

Pa kumla? Kama unaweza, mfuate kwao. Huko mashamba, siku za bamvua, ingia mgahawa mdogo wa wanakijiji, si ule unaotazama bahari, ukaulize asubuhi kama leo yupo. Kizimkazi, na Kisiwa Panza kule Pemba, wanavijiji wamekuwa wakifunga sehemu za mwamba kwa miezi michache ili pweza wakue. Pweza hukua haraka mno, na mwamba ukifunguliwa unapata mkubwa mwenye nyama nene. Nawaheshimu sana kwa hilo, maana mchuzi wangu unategemea subira yao. Ukiwa mjini, nenda mgahawa wa Lukmaan pale Mkunazini. Chakula kimepangwa mbele yako, unachagua kwa macho. Nenda mchana, kabla ya saa nane. Jioni tui limeshapashwa moto mara nyingi, na hilo si kosa la mpishi bali ndivyo tui lilivyo.

Forodhani, ambako kila mgeni hupelekwa usiku, si mahali pa mchuzi. Kale mishkaki, kanywe juisi ya miwa, uonje urojo. Urojo ni bwana mwingine kabisa, unga na manjano na embe mbichi, nao unastahili siku yake.

Samaki wa kupaka ni habari nyingine, na hapa nawavulia kofia watu wa Lamu na Mombasa. Jina ni la kazi yenyewe. Samaki mzima, changu au tewa, hupasuliwa, akatiwa thomu, tangawizi, pilipili na ndimu, akachomwa kwenye makaa. Pembeni kasimu inapikwa na ukwaju na manjano mpaka iwe nzito kama uji wa mgonjwa. Unampaka, unamrudisha motoni, unampaka tena upande wa pili. Moshi wa makaa ukikutana na mafuta ya nazi unatoa harufu ambayo sijaipata kwenye sufuria yoyote. Hapa lazima uwe ukwaju: ndimu haina uzito wa kukabili moshi. Lamu utamla na mkate wa mofa ukibahatika, la sivyo wali wa nazi. Agiza mapema, kwa sababu kazi hii haifanywi kwa dakika kumi, na anayekuletea kwa dakika kumi amemmwagia mchuzi samaki aliyechomwa asubuhi.

Kuku wa kupaka ni ndugu yake. Familia za Kihindi za Mombasa, Unguja na Dar es Salaam zilimfanya wao hasa, wakimwita kuku paka, wakamtia mayai ya kuchemsha na pengine viazi. Wengi wao walipohama Afrika Mashariki, hasa miaka ya 1960 na 1970, walimchukua hadi Uingereza na Kanada. Ndiyo maana leo unaweza kukaribishwa kuku paka katika nyumba ya Leicester au Toronto, na mwenyeji akalitamka jina kwa Kiswahili.

Mbaazi za nazi siwezi kuziacha, ingawa wengine watasema si mchuzi. Mimi nasema ni mchuzi, tena ndio pekee ninaoupika bila uchachu wowote. Mbaazi kavu hulowekwa usiku, huchemshwa hadi zikibonyezwa zipasuke, halafu tui, kitunguu, pilipili mbichi nzima, chumvi. Basi. Ziliwe Mombasa, Mji wa Kale, saa moja asubuhi, na mahamri yenye harufu ya iliki yaliyotoka karaini wakati huo huo. Mama anauza barazani kwake, hana bango, utamjua kwa watoto waliopanga foleni na vibakuli.

Halafu kuna papa mkavu. Zamani majahazi yaliyoshuka na upepo wa kaskazi kutoka Oman na pwani ya Hadhramaut yalileta papa wa chumvi pamoja na tende, na mpaka leo jamaa zetu walioko Muscat wanamla, wakimwita awal kwa Kiarabu. Harufu yake huwatimua wasiomzoea. Mloweke, badilisha maji mara mbili tatu, mchemshe kidogo, toa ngozi na miiba, kisha mchambue. Tui lake liwe jingi kuliko unavyodhani, na uchachu uwe wa embe mbichi iliyokatwa vipande, kwa kuwa embe hunyonya ile chumvi na kubaki tamu. Usitie chumvi nyingine mpaka uonje.

Huyu migahawani ni nadra kumpata, na nikimkuta huwa amepikwa kwa woga, harufu imefukuzwa yote pamoja na ladha. Mahali pake ni nyumbani kwa mtu. Na saa yake ni asubuhi ya pili. Mchuzi wa papa uliolala, ukapashwa kwa moto mdogo na kijiko cha maji ili tui lisikatike, ukachovywa kwa boflo wa moto na chai ya rangi yenye mdalasini. Mgeni wangu wa mwisho, aliyekaa siku nne akila kila nilikomwelekeza, alikunywa chai hiyo jikoni kwangu amesimama, akafuta bakuli kwa mkate, akauliza kama kuna kilichobaki sufuriani. Kilikuwepo kidogo.