Kuku wa kuchoma: kiulizwe kiini, si ngozi

Idd Pili nilikuwa Wete, Pemba, nyumbani kwa shangazi yangu. Kijana wa hapo alikuwa anapepea seredani, mapaja ya kuku yamejipanga juu ya wavu, ngozi imeshapiga kahawia na mafuta yanachirizika kwenye makaa. "Ami, kuku tayari," akaniambia. Nikachomeka kipimajoto kwenye paja nene kuliko yote, karibu na mfupa bila ya kuugusa. Nyuzi 58 za sentigredi. Kwa macho alikuwa ameiva kabisa, na watoto walishakaa mkekani na sahani zao. Tukamsogeza pembeni ya jiko penye moto mpole, akakaa mpaka kipimo kikasoma 76.

Kazi yangu ni usalama wa chakula, na jambo hili naliona kila palipo na mkaa. Makaa huunguza juu haraka, lakini joto huingia ndani taratibu. Nyama ikiwa imetiwa ukwaju au sukari, ngozi hubadilika rangi mapema zaidi. Kuku aliyetoka kwenye barafu bila ya kuyeyuka sawasawa ndiye mbaya kuliko wote, kwani nje anaungua na kwenye mfupa bado wa baridi. Rangi ya ndani nayo haiaminiki. Kuku mchanga huweza kubaki na wekundu pembeni ya mfupa hata akiwa ameiva, kwa sababu ya uboho, na nyama ya kusaga huweza kugeuka kahawia kabla vijidudu havijafa.

Vijidudu vyenyewe ni kama salmonela na kampilobakta, vinavyoleta kuharisha, homa na maumivu ya tumbo. Mtoto mdogo, mzee na mama mjamzito ndio wanaoumia zaidi. Kwa kuku, kiini kifike nyuzi 74. Kebabu na nyama yoyote ya kusaga isiyo ya kuku, 71, kwa sababu mashine huchukua vijidudu vya juu ya nyama ikavichanganya ndani. Kipande kizima cha ng'ombe, mbuzi au kondoo kinatosha 63, kisha kiachwe kipumzike dakika 3 kabla ya kukatwa. Samaki pia 63.

Siku hizi kuna vipimajoto visivyo na waya, na watu wengi wananiuliza kama vina maana. Ni kijiti cha chuma chenye urefu unaokaribia wa penseli. Ncha yake inapima kiini cha nyama, na kwa vingi, kichwa kinachobaki nje kinapima joto la jiko. Habari zote zinakwenda kwenye simu kwa Bluetooth. Unatega 74, unafunika, ukifika wakati simu inalia. Faida kubwa ni hiyo ya kufunika, maana kila ukifunua jiko kuangalia, joto linatoka na nyama inachelewa. Kwa mbuzi mzima wa harusi, paja la ng'ombe au kuku mzima ndani ya pipa lenye kifuniko, nasema kinafaa sana.

Kwa mishikaki, hapana. Vipande ni vidogo, kijiti ni kinene, na moto wa seredani iliyo wazi unaoramba kichwa chake unaweza kukiua. Mchomaji wa Forodhani, Unguja, atafute kipimajoto cha mkononi chenye sindano nyembamba, kinachosoma kwa sekunde chache.

Kile kisicho na waya kichomeke kwenye unene wa nyama, mbali na mfupa na mafuta, na kizame mpaka alama iliyochorwa juu yake, maana mitambo iliyo ndani inakingwa na nyama isiungue kwa moto wa jiko. Tena usiende nacho mbali. Kifuniko cha chuma hupunguza mawimbi, na kuta nene za mawe za Mji Mkongwe huweza kuyakata kabisa, kwa hiyo aliyeko ukumbini asitegemee kusikia jiko la uani. Kabla ya kazi kipime kwenye glasi iliyojaa barafu na maji kidogo: kisome 0 au karibu yake. Na kikitoka kwenye nyama mbichi kioshwe kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kuchomekwa kwenye iliyoiva.

Nyama ikishaiva bado ina hatari yake. Chakula kilichoshuka chini ya nyuzi 60 kisikae nje zaidi ya saa mbili, na katika jua la kaskazi, joto la hewa likipita 32, ni saa moja tu. Mbuzi wa walima, yaani karamu ya harusi, huiva asubuhi na wageni wakala baada ya Adhuhuri. Basi mwacheni juu ya makaa machache, amefunikwa, na kijiti kibaki ndani yake. Kama programu ya simu ina kengele ya joto linaposhuka, itegeni 60, na ikilia mtu aongeze mkaa.