Injini Moja Ikizima Angani: Rubani Hufunzwa Nini

Ndege za mafunzo zikizunguka juu ya Malindi, wapo wanaosikia mlio ukififia ghafla na kupiga simu kwamba ndege inaanguka. Tunashukuru kwa kujali kwao. Mara nyingi, hata hivyo, ni mkufunzi aliyepunguza nguvu ya injini moja makusudi ili mwanafunzi aoneshe atafanya nini ikizima kweli.

Dhana inayotusumbua, na tumeirudia kuisahihisha, ni kwamba ndege ya injini mbili ikipoteza moja itaendelea kama kawaida. Sivyo. Ndege ndogo ya pistoni hupoteza nusu ya nguvu, lakini uwezo wake wa kupanda hupungua kwa asilimia 80 au zaidi. Kukiwa na joto la pwani na mzigo kamili, nyingine hazipandi kabisa. Tena injini iliyobaki huivuta ndege upande mmoja. Boti ya Mokowe, kule Lamu, mashine ikileta shida itaelea tu. Ndege haina pa kusubiri.

Kazi ya kwanza ni kuidhibiti. Rubani hukanyaga pedali pua isigeuke, hulaza ndege nyuzi 2 hadi 5 kuelekea injini nzima, yaani inayofanya kazi, na kushika kasi ya mstari wa buluu kwenye kipimakasi, ile inayoipa ndege nafasi bora ya kupanda kwa injini moja. Nguvu zote mbele. Magurudumu na flapu (vibao vya nyuma ya mabawa) juu. Kisha hutambua: mguu usio na kazi ndio upande wa injini iliyokufa. Huthibitisha kwa kurudisha wenzo wake wa nguvu polepole. Kama hakuna kilichobadilika, ndiyo yenyewe. Hapo tu ndipo hugeuza mapanga ya propela yaukate upepo kwa makali, kwani yakiachwa yazungushwe na upepo huikokota ndege nyuma.

Kuthibitisha si urasimu. Tarehe 4 Februari 2015, huko Taipei, Taiwan, ATR 72, ndege ya abiria ya propela mbili, ilipoteza nguvu ya injini moja baada ya kuruka, na marubani wakaizima ile nzima. Watu 43 walifariki.

Chini ya kasi ya mstari mwekundu kwenye kipimakasi, pedali hata ikikanyagwa hadi mwisho haitoshi, na ndege hupinduka. Dawa yake inapingana na silika: punguza nguvu ya injini nzima, shusha pua. Ndiyo maana zoezi hili hufanywa angalau futi 3,000 juu ya ardhi. Karibu na ardhi injini haizimwi, hupunguzwa tu.

Rubani wa ndege za abiria hupimwa mara mbili kwa mwaka. Vipimo viwili vinavyofanana, vikifanyika ndani ya miezi minne, peke yake havitoshelezi sharti. Asiyepimwa habebi abiria.

Ukiona moshi au moto kwenye ndege, iwe Malindi au Manda huko Lamu, piga 999 au 112. Taja saa, mahali ulipo na upande ndege inakoelekea.