Kabla ya Kumpandisha Nyoka Aliyekonda

Msimu wa kupandisha unapokaribia, swali hili hutufikia karibu kila wiki: "Daktari, jike wangu ana gramu 1,300. Nimtie dume?" Anayeuliza huwa amesikia kwamba jike wa chatu wa kifalme (Python regius) hupandishwa akishafikisha gramu 1,500, na anatamani kujua kama hizo gramu 200 zinazopungua zinaweza kusamehewa. Mimi humrudishia swali: miezi 6 iliyopita alikuwa na gramu ngapi?

Jibu la swali hilo hubadilisha kila kitu. Jike aliyetoka gramu 1,100 hadi 1,300, anayekula kila anapolishwa, ni nyoka anayekua; tunachohitaji kwake ni subira tu. Jike aliyeshuka kutoka 1,700 hadi 1,300 ninamhesabu kuwa mgonjwa mpaka vipimo viseme vingine. Mizani inaonyesha namba ileile kwa wote wawili. Ndiyo maana mfugaji asiye na kumbukumbu za uzito hatuwezi kumjibu siku hiyo hiyo, hata kama amemleta nyoka mkononi.

Mayai hutokana na akiba

Nyoka wengi hawali ili watengeneze mayai. Hutengeneza mayai kwa kile walichokwisha kukila miezi mingi kabla. Wakati ukifika, homoni ya estrojeni huliamuru ini litengeneze protini ya kiini, nayo husafiri kwenye damu mpaka kwenye ovari. Mafuta yaliyohifadhiwa tumboni huyeyushwa, na kalsiamu nayo hutoka katika mwili huo huo. Chatu wa kifalme kwa kawaida hutaga mayai 4 hadi 6, na kila yai huwa na uzito wa gramu 80 hivi au zaidi. Piga hesabu: mayai 6 yanakaribia nusu kilo. Kwa jike wa gramu 1,300, hiyo ni zaidi ya theluthi ya mwili wake inayotoka siku moja, tena baada ya wiki nyingi ambazo huenda alikuwa amekataa chakula. Akiachiwa mayai yake, atayazunguka na kuyaatamia kwa karibu miezi 2 bila kula.

Nyoka wa porini wana kizuizi chao cha asili. Utafiti juu ya kipiri aina ya Vipera aspis nchini Ufaransa umeonyesha kwamba jike haanzi kutunga mayai mpaka akiba yake ya mafuta ifikie kiwango fulani, na anaweza kupitisha mwaka mzima au zaidi akijilimbikizia. Wafugaji wengine hulichukua jambo hilo kuwa ruhusa: "Nitamtia dume, kama hayuko tayari mwili wake utakataa wenyewe." Hoja hii nimeisikia sana, na ninaielewa, kwa sababu nusu yake ni kweli. Jike mwembamba mara nyingi hatungi chochote.

Nusu ya pili ndiyo inayotuletea wagonjwa. Kizuizi hicho hupima mafuta. Hakipimi minyoo, wala upungufu wa maji, wala misuli iliyolegea. Jike anaweza kuanza msimu akiwa na akiba ya kutosha, mayai yakaanza kukua, kisha maradhi yakamkondesha njiani. Pia jike mchanga anaweza kutunga mayai kabla mwili wake haujamaliza kukua. Siku ya kutaga ndipo upungufu hujitokeza, kwa kuwa kusukuma yai kunahitaji misuli yenye nguvu na mwili wenye maji. Yai likikwama, hatuna njia nyepesi. Dawa ya oksitosini, ambayo husaidia vizuri kwa kobe, kwa nyoka mara nyingi haifanyi kazi ya kutegemewa. Kinachobaki huwa ni kulinyonya yai kwa sindano ili lisinyae, au upasuaji, na kumlaza kwa dawa ya usingizi nyoka aliyekonda ni hatari ambayo hakuna daktari anayeifurahia.

Mkono na jicho kabla ya mizani

Mweke nyoka akiwa ametulia, kisha mtazame kutoka upande wa mkia kuelekea kichwani. Chatu wa kifalme mwenye afya ana mwili wa pembetatu yenye pembe zilizoviringika: tumbo bapa, ubavu umejaa, mgongo una mwinuko mdogo tu. Aliyekonda, uti wa mgongo huchomoza kama ukingo wa paa na misuli ya pande zote mbili hubonyea. Pitisha vidole taratibu. Ukizihesabu mbavu bila kubonyeza, au ukiona ngozi imejikunja mikunjo mirefu ubavuni hata akiwa amenyooka, suala la kupandisha limekwisha kwa msimu huu.

Usitumie kipimo hicho kwa kila jamii ya nyoka. Wanaoishi mitini, kama chatu wa kijani (Morelia viridis), wana mwili uliobanwa pande na mgongo uliosimama kwa asili yao. Mtu akijaribu kuwanenepesha mpaka waviringike, atawaua kwa mafuta. Na unene nao ni kizuizi cha uzazi. Nyoka ambaye ngozi yake huonekana katikati ya magamba hata akiwa hajala, na mkia wake una mikunjo minene kuanzia kwenye kloaka (tundu la kutolea kinyesi na mayai), naye hafai kupandishwa kwa sasa.

Mizani iwe ya kidijitali inayosoma gramu. Pima chombo kikiwa kitupu, kisha pamoja na nyoka. Mpime kabla ya kumlisha na baada ya kunya, kila mwezi, na uandike. Nyoka aliyemeza panya wa gramu 100 juzi atakudanganya, na aliyebana kinyesi cha wiki 5 atakudanganya vilevile. Nimewahi kuonyeshwa "ongezeko" ambalo lote lilitoka siku iliyofuata likiwa kinyesi na chokaa nyeupe ya mkojo.

Kwa nini amekonda?

Hapa ndipo ninapomwomba mfugaji asiwe na haraka, maana kumlisha zaidi si jibu mpaka sababu ijulikane.

Anza na joto, kwa sababu ni rahisi kulikagua na ndilo hukosewa zaidi. Chatu wa kifalme anahitaji upande wenye joto la nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi na upande wa pili wa nyuzi 25 hadi 27 hivi. Bila joto, chakula hakisagiki, na nyoka mwenyewe hujua, ndiyo maana hukataa. Pima kwa kipimajoto pale anapolala. Usitosheke na kile kilichobandikwa ukutani mwa kizimba. Angalia pia kama ana mahali pa kujificha na kama anaishi peke yake. Nyoka wawili katika kizimba kimoja wanaweza kuonekana wamependana, kumbe mmoja amemkalia mwenzake mahali penye joto.

Kisha kinywa: ute mzito, vidonda, ufizi mwekundu. Kisha ngozi: utitiri mweusi unaotembea chini ya kidevu na kuzunguka macho. Kisha kinyesi, ambacho kinapaswa kufika kwa daktari kikiwa kibichi ili kitafutwe minyoo na vimelea vingine.

Kimelea kimoja ninakitaja kwa jina kwa sababu kinabadilisha uamuzi wote: Cryptosporidium serpentis. Huvimbisha ukuta wa tumbo la chakula, nyoka akaanza kutapika siku chache baada ya kula, akakonda huku katikati ya mwili pakiwa na uvimbe unaoonekana. Hakuna dawa ya kukitokomeza kwa uhakika. Hutoka kwenye kinyesi kwa vipindi, kwa hiyo kipimo kimoja kisichokiona hakimsafishi nyoka. Tunarudia, na mara nyingine tunasafisha tumbo kwa maji na kuyapima maji hayo. Nyoka mwenye kimelea hiki hapandishwi kamwe, wala vifaa vyake havigusi kizimba cha mwingine. Kwa chatu anayekonda huku akipumua kwa sauti na kutoa ute, tunawaza nidovirusi, yaani virusi vinavyoshambulia njia ya hewa. Kwa bowa na chatu, tunawaza pia virusi vingine viitwavyo reptarenavirusi. Dume la kuazima likitoka kwa jike wa namna hiyo na kurudi kwao, ugonjwa umeshahama nyumba.

Kumrudisha polepole

Sababu ikishatibiwa, maji hutangulia. Nyoka aliyekaa na njaa muda mrefu akipewa windo kubwa ghafla, madini ya damu yake, hasa fosforasi na potasiamu, yanaweza kushuka kwa kasi ya kutisha. Mpe windo dogo, nusu ya lile la kawaida au pungufu, ungoja alisage kabisa na anye, ndipo umpe jingine. Ongeza kidogo kidogo.

Akishafikia uzito wake, bado sitasema ndiyo. Nataka kuona ameushika uzito huo kwa miezi 6, amejivua gamba vizuri, kinyesi chake ni safi, na hakuna mlo aliotapika. Hicho ni kipimo changu, na wenzangu wengine huridhika na muda mfupi zaidi. Umri nao nauangalia: kwa chatu wa kifalme napendelea miaka 3 kamili hata kama gramu zimefika mapema. Nyoka huyu anaweza kuishi zaidi ya miaka 20 akitunzwa vizuri. Kuruka msimu mmoja hakumpunguzii kitu.

Kwa nyoka wa mahindi (Pantherophis guttatus), wafugaji husema miaka 3, gramu 300, urefu wa sentimita 90 hivi. Ni mwongozo mzuri, ila kuna mitego miwili. Wengi huwapoza, yaani huwapunguzia joto, kwa wiki kadhaa kabla ya kuwapandisha, na nyoka aliyekonda hapozwi. Hana cha kumvusha. Tena jike huyu anaweza kutaga mara ya pili mwaka huo huo kwa mbegu alizozihifadhi, bila kuliona dume tena, kwa hiyo mwembamba hulipia mara mbili.

Dume hana mzigo wa mayai, lakini naye huacha kula akimtafuta jike. Akiingia msimu akiwa amekonda, atatoka akiwa hoi.

Na kama tayari amepandishwa, au mlinunua jike mkakuta ana mayai? Msimsumbue. Leteni apigwe picha ya ultrasaundi ili ijulikane yuko hatua gani. Mpeni joto sahihi, maji, na windo dogo kila anapokubali. Chatu wa kifalme hujivua gamba baada ya mayai kutoka kwenye ovari, kisha hutaga baada ya wiki 4 hivi. Andikeni tarehe hiyo, na akijikaza bila yai kutoka, au akitoa machache akasimama huku tumbo bado lina uvimbe, mleteni siku hiyo hiyo. Akimaliza, yaondoeni mayai yakaatamiwe kwenye mashine. Mwosheni jike kwa maji ya uvuguvugu na mbadilishe matandiko yote ili harufu ya mayai iondoke, maana wengi hugoma kula wakiwa bado wanaisikia. Kisha, baada ya siku chache, mjaribuni na panya mdogo.